Matumizi ya Vibainishi katika Sarufi ya Kiingereza

Katika maneno yote ya Kiingereza, neno litumikalo mara nyingi kuliko mengine ni "the". Ni neno la herufi tatu, halitiliwi mkazo, na sikio la mgeni aghalabu halilipati ila kama pumzi ipitayo mbele ya jina. Hata hivyo, mwanafunzi aliyekulia katika Kiswahili huweza kuzijua nyakati zote za vitendo vya Kiingereza, akatunga sentensi ndefu zisizo na ila, na bado akajikwaa penye neno hilo. Huliweka pasipotakiwa, na huliacha panapotakiwa. Na akimwuliza mwalimu wake sababu, mara nyingi hujibiwa kwamba ndivyo Waingereza wasemavyo.

Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Neno "the" ni moja katika jamii ya maneno yaitwayo vibainishi, na jamii hiyo ina kanuni zake zinazoweza kuelezwa. Tena, jambo ambalo maneno hayo hulieleza si geni kwa msemaji wa Kiswahili. Hulieleza kila siku kwa njia nyingine. Tofauti iliyopo ni kwamba Kiingereza kimelifanya kuwa lazima jambo ambalo Kiswahili kimelifanya kuwa hiari. Makosa karibu yote ya mwanafunzi, na mashaka mengi ya mfasiri, hutokana na tofauti hiyo moja.

Haja ya kuyaeleza mambo haya si ya darasani tu. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi kubwa ya kufasiri sheria zilizotungwa kwa Kiingereza ikawa mbele ya wafasiri. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imevifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja, nayo yasema kwamba panapotokea hitilafu kati ya nakala za lugha mbalimbali, nakala ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Palipo na kazi ya namna hiyo, neno dogo huweza kubeba haki ya mtu.

Kibainishi ni nini

Wanasarufi wa zamani waliyahesabu maneno kama "the", "this", "my" na "some" kuwa ni vivumishi, sawa na "big" au "black". Leonard Bloomfield, katika kitabu chake "Language" cha mwaka 1933, aliyatenga na vivumishi vya kueleza sifa. Na Charles Fries, katika uchambuzi wake wa sentensi za Kiingereza uliotolewa mwaka 1952, aliyaweka katika kundi la kwanza la maneno ambayo kazi yake ni kuijenga sentensi. Sababu ya kuyatenga ni tabia yake. Kivumishi huweza kuongezwa juu ya kivumishi, kama katika "a big old black dog", na huweza kuondolewa pasipo kuiharibu sentensi: "a dog" bado ni Kiingereza kamili. Lakini akiondolewa "a", linabaki "big old black dog", maneno ambayo katika sentensi ya kawaida hayawezi kusimama peke yake.

Jamii ya vibainishi ni hii: "the" na "a" au "an", vionyeshi "this", "that", "these" na "those", vimilikishi "my", "your", "his", "her", "its", "our" na "their", pamoja na jina la mwenye kitu likiwa na alama yake, kama "Juma's", maneno ya kiasi na ya ujumla kama "some", "any", "no", "every", "each", "much", "many", "few" na "little", maneno ya kuuliza "which", "what" na "whose", na hesabu zenyewe.

Maneno hayo hayapangwi ovyo. Randolph Quirk na wenzake, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, waliyagawa katika mahali patatu. Kwanza husimama vitangulizi, kama "all", "both" na "half". Kisha vibainishi vya kati, kama "the", "a", "this", "my", "some" na "every". Mwisho vifuasi, kama "two", "many" na "other". Kwa hiyo husemwa "all my three old books": "all" ni kitangulizi, "my" ni cha kati, "three" ni kifuasi, na "old" ni kivumishi cha sifa. Kiswahili hutanguliza jina, na mengine yote hulifuata: "vitabu vyangu vyote vitatu vya zamani". Neno "kila", lililotoka katika Kiarabu, ndilo lililo tofauti: husimama daima mbele ya jina, halibadiliki kwa upatanisho, na hutaka jina liwe katika umoja. Katika mambo hayo matatu lafanana na "every" la Kiingereza.

Kanuni iliyo kubwa hapa ni kwamba katika mahali pa kati hukaa kibainishi kimoja tu. Kiswahili hakina kizuizi hicho. Husemwa "kitabu changu hiki", na kimilikishi na kionyeshi hukaa pamoja kwa amani. Mwanafunzi akiyachukua maneno hayo kama yalivyo, huandika "this my book", na Kiingereza cha leo hakiyakubali, kwa sababu "this" na "my" hugombea kiti kimoja. Dawa yake ni kukihamisha kimilikishi nyuma ya jina: "this book of mine". Vivyo hivyo "rafiki yangu mmoja" huwa "a friend of mine", na "nyumba ile ya Juma" huwa "that house of Juma's". Mwenye kuikumbuka kanuni hiyo moja huepukana na makosa mengi.

Kuhesabika na kutohesabika

Kabla ya kuchagua kibainishi, msemaji wa Kiingereza hana budi kujua kama jina lake ni la kitu kinachohesabika au kisichohesabika. Jina la kuhesabika, likiwa katika umoja, haliwezi kusimama bila kibainishi. Kwa Kiswahili husemwa "Yeye ni mwalimu", na maneno yametosha. Kwa Kiingereza "She is teacher" ni kosa. Lazima iwe "She is a teacher". Husamehewa majina ya vyeo vinavyoshikwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, kama katika "He was elected president", lakini hata hapo "the president" si kosa.

Ugumu ni kwamba kuhesabika kwa jina si tabia ya kitu chenyewe, bali ni tabia ya neno. Viti na meza vinaweza kuhesabiwa na kila mwenye macho. Lakini "furniture", jina la jumla la vyombo hivyo, halihesabiki. "Information", "advice", "luggage", "equipment" na "news" ni ya aina hiyo. Kwa Kiswahili husemwa "habari hizi" na "mizigo mitatu". Kwa hivyo mwanafunzi huandika "these informations" na "three luggages". Ilivyo sawa ni "this information" na "three pieces of luggage".

Lipo na upande wa pili. Maji, maziwa na mafuta katika Kiswahili yamo katika ngeli ya wingi, na upatanisho wake ni wa wingi: "maji haya", "maziwa yale". Katika Kiingereza majina ya vitu hivyo ni ya umoja usiohesabika, na kionyeshi chake ni cha umoja: "this water", "that milk". Msemaji wa Kiswahili ametazama uwingi wa matone, na Mwingereza ametazama umoja wa kitu. Wala hapana kati yao aliyekosea katika lugha yake.

Kutoka hapo hufuata mgawanyo ambao Kiswahili hakiutaki. Shina moja "-ingi" latosha kwa "watu wengi" na kwa "maji mengi". Kiingereza hutaka "many people" kwa cha kuhesabika, na "much water" kwa kisichohesabika. Ndivyo ilivyo kwa "few" na "little". Na maneno hayo mawili yana mtego mwingine. "He has few friends" ni maneno ya huzuni: rafiki zake ni haba, karibu hana. "He has a few friends" ni maneno ya faraja: anao rafiki kadha, si mpweke. Hesabu ya rafiki huenda ikawa ile ile katika sentensi zote mbili; kilichobadilika ni upande anaoutazama msemaji, na kilichoubadilisha ni herufi moja.

Swali la msikilizaji

Sasa yafaa kuingia katika "the" na "a" zenyewe. Mara nyingi hufundishwa kwamba "the" hutumika kwa kitu kinachojulikana, na "a" kwa kitu kisichojulikana. Fundisho hilo laacha nje swali lililo kubwa, yaani, kinajulikana na nani? Mtu husema "I bought a car yesterday", hali gari analijua sana: amelichagua, amelilipia, na amelala akiliota. Hata hivyo husema "a", kwa sababu msikilizaji bado hajalijua. Mwanasarufi Paul Christophersen alilichunguza jambo hili katika kitabu chake kuhusu vibainishi hivyo cha mwaka 1939, akaonyesha kwamba msingi wa "the" ni ujuzi ambao msemaji na msikilizaji wanao kwa pamoja. Kwa kusema "the", msemaji humwambia msikilizaji, "Unaweza kukitambua nikisemacho." Kwa kusema "a", humwambia, "Usikitafute bado. Ni kimojawapo tu."

Njia za kukitambua kitu ni nyingi. Huenda kikawa kimekwisha tajwa. Huenda kikawa mbele ya macho, kama asemapo mtu chumbani "Close the door". Huenda kikawa kimoja tu ulimwenguni, kama "the sun" na "the moon". Huenda maneno yanayokifuata yakakitenga na vyenzake, kama katika "the man who sold me this cloth", au kikawa cha kwanza au cha mwisho katika safu, kama "the first house" na "the tallest tree". Tena huenda kisiwe kimetajwa kabisa, bali kikaja pamoja na kingine kilichotajwa. Mtu akisema "We went to a wedding", papo hapo huweza kuendelea "The bride was late", ingawa bibi arusi hakutajwa. Maana ikiwapo harusi, bibi arusi yumo.

Jambo hili lote msimulizi wa hadithi za Kiswahili alijua tangu zamani. Asemapo, "Hapo kale palikuwa na mvuvi mmoja, akapata ngalawa moja kuukuu," hakusudii kuhesabu wavuvi wala ngalawa. Neno "mmoja" hapo lamwambia msikilizaji kwamba mtu huyu ni mgeni, apokewe. Kisha huendelea, "Siku moja yule mvuvi akaisukuma ile ngalawa majini." Sasa "yule" na "ile" zimetangulia mbele ya majina, wala hazionyeshi kwa kidole mtu wala chombo kilicho mbali; zasema tu kwamba ni wale wale waliokwisha tajwa. Mwingereza angesema "a fisherman" na "a boat" mahali pa kwanza, na "the fisherman" na "the boat" mahali pa pili. Kazi ni moja.

Kiswahili kina njia nyingine tena. "Mtoto alisoma kitabu" huenda ikawa kitabu cho chote. "Mtoto alikisoma kitabu" humfanya msikilizaji aelewe kuwa ni kitabu fulani anachokijua. Kiambishi cha mtendwa "-ki-" kimefanya kazi inayokaribiana na kazi ya "the". Lakini njia hizi hazilingani na vibainishi vya Kiingereza moja kwa moja. Kwa watu na wanyama, kiambishi cha mtendwa hutumika hata kwa asiyejulikana: "Nilimwona mtu njiani" ni "I saw a man on the way" bila shaka yo yote. Na zaidi ya hayo, msemaji wa Kiswahili ana ruhusa ya kunyamaza. "Mgeni amefika" ni sentensi kamili, na msikilizaji mwenyewe, kwa kufikiri mambo yalivyo, ataamua kama ni mgeni aliyekuwa akingojewa au ni mgeni tu. Mwingereza hana ruhusa hiyo: hana budi kuchagua kati ya "A visitor has arrived" na "The visitor has arrived", na akichagua amekwisha toa habari.

Pasipo kibainishi

Mwanafunzi akiisha kuonywa mara nyingi kwa kuliacha neno "the", huingia katika kosa la pili, nalo ni kulitia kila mahali. Huandika "The life is hard" kwa "Maisha ni magumu". Lakini jina lisilohesabika, na jina la kuhesabika lililo katika wingi, yakitajwa kwa ujumla wake husimama bila kibainishi: "Life is hard", "Lions eat meat". Mtu akisema "The lions eat meat", msikilizaji huuliza ni simba gani. Yawezekana pia kusema "The lion is a dangerous animal", yaani simba kwa aina yake. Lakini njia hiyo ni ya jina la kuhesabika lililo katika umoja.

Yapo na majina ya mahali ambayo huacha kibainishi yanapotaja kazi ya mahali hapo wala si jengo. Mtoto aendaye kusoma "goes to school". Mzazi aendaye kumtafuta mwalimu "goes to the school". Mfungwa yu "in prison". Seremala aliyekwenda kutengeneza mlango wa gereza yu "in the prison".

Majina ya pekee nayo yana desturi zake. Mito, bahari na safu za milima huchukua "the": "the Rufiji", "the Indian Ocean", "the Usambara Mountains". Maziwa na mlima mmoja mmoja hauchukui: "Lake Tanganyika", "Mount Meru". Nchi kwa kawaida hazichukui, ila jina likiwa na neno la kawaida ndani yake au likiwa la wingi; kwa hiyo ni "Tanzania" lakini "the United Republic of Tanzania", na visiwa vya Ngazija na wenzake ni "the Comoros". Hata hapa kibainishi huweza kuwa jambo la heshima. Waingereza wengi walizoea kusema "the Ukraine"; nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1991, matumizi ya "Ukraine" peke yake yalishika, kwa kuwa wenye nchi waliona kwamba kibainishi kile chaifanya ionekane kuwa ni jimbo la dola nyingine.

Asili ya maneno haya

Historia ya Kiingereza yaunga mkono yaliyosemwa juu ya hadithi za Kiswahili. Neno "a" au "an" halikuwa neno jingine ila hesabu ya moja, "an" ya Kiingereza cha kale. Lilipotamkwa bila mkazo likafupika, na lilipotamkwa kwa mkazo likawa "one" ya leo. Na "the" yatokana na kionyeshi cha kale, cha jamii moja na "that". Yaani Waingereza wa kale walichukua maneno yale yale mawili ambayo msimulizi wa Kiswahili huyatumia, "mmoja" na "yule". Wakayarudia mpaka yakachakaa, na yalipochakaa yakawa lazima.

Sauti ya "n" ilibaki mbele ya irabu, ikaanguka mbele ya konsonanti. Kwa hiyo kanuni ya "a" na "an" hufuata sauti wala si herufi: "an hour", kwa sababu "h" haitamkwi, lakini "a university" na "a European", kwa sababu yaanza kwa sauti ya "y", na "a one-eyed man", kwa sababu yaanza kwa sauti ya "w". Mpaka kati ya kibainishi na jina ulipokuwa haukazwi vizuri, baadhi ya majina yalipoteza sauti zake. Nguo ya kujikingia jikoni iliitwa "a napron". Watu wakasikia "an apron", na "n" ikahamia kwa kibainishi. Nyoka aitwaye "adder" alikuwa "nadder". Mwenye kushangaa na atazame neno "kitabu". Katika Kiarabu "ki" yake ni sehemu ya shina. Waswahili waliisikia kama kiambishi cha ngeli, wakafanya "vitabu". Masikio ya watu hugawa maneno kwa desturi ya lugha yao.

Uzito wa neno moja

Mfano ulio mashuhuri wa uzito wa kibainishi umo katika Azimio la 242 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa tarehe 22 Novemba, 1967, baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya mwezi Juni mwaka huo. Nakala ya Kiingereza yataka majeshi ya Israeli yaondoke "from territories occupied in the recent conflict". Neno "conflict" lina "the", maana vita vyajulikana. Neno "territories" halina. Kwa upande mmoja ikasemwa kwamba, kwa kuwa kibainishi hakipo, azimio halitaki maeneo yote yaachwe. Kwa upande wa pili ikasemwa kwamba azimio lazima lisomwe pamoja na utangulizi wake, unaokataa kutwaa nchi kwa vita; tena nakala ya Kifaransa yasema "des territoires occupés", ambapo "des" huweza kuwa muungano wa "de" na kibainishi "les". Nakala ya Kirusi haiwezi kuamua, kwa sababu Kirusi, kama Kiswahili, hakina kibainishi cha namna hiyo. Ubishi juu ya neno hilo lisilokuwapo ungali ukiendelea.

Mfano wa pili ni wa amani. Mwezi Julai, 1969, Neil Armstrong alipokanyaga mwezini, walimwengu walimsikia akisema "one small step for man, one giant leap for mankind". Yeye mwenyewe alieleza kwamba alikusudia "for a man". Tofauti si ndogo. "A man" ni mtu mmoja, na hatua yake ni fupi. "Man" bila kibainishi ni binadamu wote, nayo maana yake ni ile ile ya "mankind". Ikikosekana herufi moja, sehemu mbili za sentensi hazikabiliani tena, bali zarudiana.

Kazi ya mfasiri

Kutoka katika hayo yafaa kurudi kwenye sheria. Na itazamwe sentensi hii: "If a tenant damages a building, the tenant shall pay the owner." Mfasiri asiye mwangalifu ataandika, "Mpangaji akiharibu jengo, mpangaji atamlipa mwenye jengo." Sentensi hiyo ni Kiswahili safi, na msomaji mwema ataielewa. Lakini mahakamani si wasomaji wote walio wema. Katika jengo lenye wapangaji kumi, mpangaji atakayelipa ni yupi? Kiingereza kimefunga mlango kwa "the", Kiswahili nacho kina kufuli yake, nayo ni "huyo": "Mpangaji akiharibu jengo, mpangaji huyo atamlipa mwenye jengo hilo."

Si kila "the" itakayo neno la Kiswahili. Mfasiri akiweka "huyo" au "yule" penye kila "the", maandishi yake yatajaa magugu. Na akiandika "mtu mmoja" penye kila "a", atakuwa ametia hesabu pasipokuwa na hesabu. Katika sheria "a person who" mara nyingi maana yake ni "mtu ye yote ambaye". Na "no person shall enter" haina budi kugeuzwa, maana Kiingereza hukanusha kwa kibainishi, na Kiswahili hukanusha kwa kitendo: "mtu ye yote asiingie". Mwenye kurudi kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza na akumbuke jambo hilo hilo, asije akaandika "any person shall not enter", ambayo si Kiingereza kizuri, bali "no person shall enter".

Kwa mwanafunzi na kwa mfasiri, basi, maswali ni machache. Je, jina hili lahesabika katika Kiingereza? Je, lipo katika umoja au katika wingi? Je, msikilizaji aweza kukitambua kitu chenyewe, na kwa njia gani? Au latajwa kwa ujumla wake? Mwenye kujibu maswali hayo kwa utaratibu hatakosa mara nyingi, na akikosa atajua alipokosea. Na mwalimu atakayeanza na "mvuvi mmoja" na "yule mvuvi" atakuwa ameanzia nyumbani kwa mwanafunzi wake. Hatamfundisha wazo jipya, ila atamfundisha kwamba katika nyumba ya jirani wazo hilo hutajwa kila mara, wala halinyamaziwi.